Njaa ya Mama Pasi

Kwa dobi alikofanya kazi walimwita Mama Pasi, na baada ya miaka ishirini na miwili hata ndugu zake walimwita hivyo hivyo. Shati alilianza kwenye kola, akaja mabegani, kisha mikono, na mgongo akauacha mwisho. Alikuwa mnene, mpole, mwenye maneno machache, na miguu iliyokuwa ikimuuma kila jioni kwa kusimama.

Alipoambiwa ana kisukari, dada yake alikuwa ameshakaa na ugonjwa huohuo miaka mitatu. Dada alikuwa mjane, karani mstaafu wa shule, na wote wawili waliishi pamoja katika vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Alizipokea habari zile bila kushtuka.

"Karibu chamani, mdogo wangu," alisema, na kesho yake akabandika karatasi ukutani jikoni: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Chini ya karatasi akaweka mizani ndogo.

Dada alipima kila kitu: wali, viazi, maharage, hata kipande cha papai. Majirani wakampa jina la Mizani, wakawa wanaonyana kwamba ukienda kumsabahi ujihadhari, usije ukapimwa wewe. Mwenyewe jina lilimpendeza.

"Njaa ni mambo ya watoto," alizoea kusema. "Mtu mzima anakula kwa saa."

Nyumbani Mama Pasi alitii. Kazini ilikuwa habari nyingine. Ikifika saa nne alijipenyeza nyuma ya mashati yaliyotundikwa akala biskuti, amesimama, harakaharaka, hata utamu wake hausikii, kisha akashinda na haya hadi jioni. Siku moja dada alikuwa akifua aproni yake akakuta makombo mfukoni.

"Wenzako kikulacho ki nguoni mwao," alisema. "Wewe unachokula ndicho kiko nguoni mwako."

Walicheka wote wawili, halafu wasisemezane siku mbili.

Miaka sita ikapita hivyo, na aliyeshika masharti barabara ndiye aliyedhoofika. Figo za dada zilianza kushindwa. Miguu ikavimba, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Mara ya mwisho daktari alimwita Mama Pasi kando, kwenye korido.

"Mrudisheni nyumbani," alisema taratibu. "Mpeni anachotaka kula."

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa. Maneno aliyasikia, ila hayakumwingia. Aliyachukulia kuwa ni upole tu wa daktari aliyechoka.

Mchana wa siku ya tano nyumbani, dada alimwita kutoka kitandani.

"Mdogo wangu, nipikie wali. Utie chumvi. Na leo usipime."

"Chumvi umekatazwa, dada."

"Nilichokatazwa nakijua. Ile karatasi aliandika nani?"

Mama Pasi alikwenda jikoni. Wali ulipoiva, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mizani. Alipakua kiasi kilekile cha siku zote, bila chumvi, akampelekea. Alidhani kupenda ndiko huko. Alidhani akilegeza kamba siku moja tu, atakuwa amemuua dada yake kwa mkono wake.

Dada aliitazama sahani. Alikula kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Umekuwa mimi," alisema. Hakuwa na hasira. Alijigeuza akatazama dirishani.

Siku ya tatu baadaye alifariki.

Kwenye msiba watu walimsifu Mama Pasi kwa jinsi alivyomtunza ndugu yake, na kila sifa ilimchoma, kwa sababu sasa maneno ya daktari yalikuwa yamemwingia, yote, kama yalivyosemwa. Karatasi ya ukutani hakuibandua. Biskuti aliziacha siku ileile, na hakuzitamani. Alipima chakula chake kwa ukali kuliko hata marehemu, akakipunguza, akazidi kukipunguza. Vidonge vya kisukari aliendelea kumeza kama alivyoandikiwa. Njaa haikumjia kabisa. Saa ilipogonga alikula, alipomaliza hakujua kama ameshiba au la.

Mwezi wa tatu, akiwa mezani na shati jeupe, jasho lilimtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Alijiona akiishikilia pasi mahali pamoja lakini hakukumbuka namna ya kuinyanyua. Shati likaungua. Mfuaji mzee waliyemwita Povu alisikia harufu, akaacha beseni lake, akamdaka kabla hajaanguka. Yeye mama yake alikuwa na ugonjwa huo. Alimkalisha, akamnywesha maji ya sukari kidogokidogo, na alipopata fahamu sawasawa akampeleka kliniki mwenyewe, mikono bado ina sabuni.

Daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka mno, akampunguzia vidonge, akampeleka kwa muuguzi wa lishe, mwanamke wa makamo aliyesema polepole.

"Njaa yako unaisikia wapi?" muuguzi aliuliza.

"Saa saba."

"Sikuulizi saa ngapi, mama. Nauliza wapi. Tumboni? Kichwani? Magotini?"

Mama Pasi alitafuta jibu. Aligundua kwamba hajui. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hajui njaa yake inakaa wapi. Akalia, na alipoulizwa kisa alikisimulia chote, mpaka kijiko kilivyowekwa chini.

Alipomaliza, muuguzi alimfundisha kazi ndogo. Kabla ya kula aweke mkono tumboni ajiulize: ni njaa, ni uchovu, au ni majonzi? Ale amekaa. Katikati ya sahani atulie, ajiulize tena. Apime sukari kama kawaida, na kando ya namba aandike alivyojisikia.

"Lakini usiruke mlo eti kwa sababu husikii njaa," alimwonya. "Dawa haijui kwamba una msiba. Mwili usikilize, na kipimo ukisikilize. Ni mashahidi wawili."

Wiki nyingi daftari lake lilikuwa na neno moja kando ya kila namba: sijui. Halafu yakaja mengine. Miguu imechoka. Nimemkumbuka. Sijui. Siku moja, akipiga pasi mashuka, kitu kilimkwaruza chini ya mbavu, kikatulia, kikakwaruza tena. Ilimchukua muda kukitambua. Alizima pasi, akaketi kwenye benchi kando ya Povu, akafungua chombo chake cha maharage na viazi. Kijiko cha kwanza kilikuwa kitamu mno, machozi yakamlengalenga. Aliona ni kama dhambi, yeye kusikia utamu.

Povu alijifanya anakagua vifungo vya koti.

Nusu ya chakula ilipobaki, alifunika.

"Umeshindwa?" Povu aliuliza.

"Nimetosheka," alisema, naye akashangaa kujisikia akilitamka neno hilo.

Kliniki iliyofuata namba zake zilikuwa nzuri kuliko mwaka mzima uliopita. Muuguzi alifurahi. Mama Pasi alikunja daftari, asinyanyuke.

"Nina swali. Dada yangu angeula wali ule, na chumvi yake, ungemdhuru?"

Muuguzi angeweza kudanganya. Alivuta kiti karibu.

"Siku zile, mama, hapana. Usingemzidishia wala kumpunguzia. Angeufurahia tu."

Mama Pasi alishukuru. Alitembea kwa miguu hadi kazini, akamweleza Povu alivyojibiwa. Povu alimsogezea kigoda kwenye meza ya pasi, akashusha ubao wake uwe kimo cha mtu aliyekaa, na siku hiyo Mama Pasi alinyoosha mashati yote akiwa amekaa.