Bangili yangu mkononi mwa mke mwenzangu

Shoga zangu, leo wivu umenitoa machozi!

Mume wetu alituletea bangili za mawe ya akiki kutoka Adeni, mimi na mke mwenzangu, Bi Rukia. Yake yang'aa. Yangu imefifia.

Nikamwendea. "Wewe kakupa mawe mazuri!"

Akaitazama yangu. "Wafua nguo umeivaa?"

"Naam."

"Basi ni sabuni hiyo, dada."

Akaipangusa kwa kitambaa kibichi, polepole, akaikausha. Ikawa nyekundu kushinda yake! Nikaona haya.

Akaivaa ajaribu kama uzi ungali imara. Papo hapo Bwana akaingia.

"Mashallah, Bi Rukia! Bangili hiyo yakufaa wewe hasa."

Akatabasamu tu. Hakusema ni yangu!

Nimemvua bangili yangu pale pale, mbele ya Bwana.

Nimekosea?