Zahanati Iliyofunguliwa Dodoma

Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa nne, na jua lililofuata lilikuwa la kuchoma. Zuhura alishuka basini Somanga amejitanda khanga mpya aliyopewa Dodoma. Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yake Warda, aliyekuwa akigeuza samaki karaini kando ya barabara.

“Jamani, simameni! Mheshimiwa amefika,” Warda aliwaambia wachuuzi wenzake. “Mheshimiwa, shikamoo!”

“Acha hayo, Warda. Tumecheza kombolela pamoja sisi.”

“Niliyecheza naye hakuwa akipunga mikono miwili. Tumekuona kwenye runinga ya mgahawa, shoga, wote hapa. Kumbe zahanati yetu inafanya kazi! Haya, mwanangu Sada akishikwa na uchungu mwezi ujao nimpeleke moja kwa moja, au nitangulie kufukuza popo?”

Wachuuzi wakaangua kicheko. Zuhura akapanda bodaboda, na njia nzima hadi kijijini Namtende alikuwa amekunja ile khanga mapajani, upande wa maua ndani.

Mambo yalikuwa hivi. Mbunge wao alikuwa amealika wanawake sita wa jimboni waende kuona Bunge, na Jumanne ya wiki hiyo swali lake lilikuwa kwenye ratiba: ni lini Serikali itafungua zahanati ya Namtende? Aliwaeleza mapema jinsi kazi inavyokwenda. “Swali la msingi Waziri analijua siku nyingi, anakuja na jibu limeandikwa. La nyongeza ndilo la kumbana. Hapo hana karatasi.”

Asubuhi ya Jumanne, wakinywa supu, alimwinamia Zuhura. “Mama, habari za kule? Zahanati inaendeleaje?”

“Nzuri, Mheshimiwa. Tunaendelea, alhamdulillahi.”

Kwao hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza. Anayeuliza humwacha mwenzake apumue, kisha humuuliza tena, na hapo ndipo habari yenyewe hutoka. Zuhura alikuwa nayo mdomoni: rangi imeanza kubanduka, mlango una kufuli, muuguzi hajaletwa, na ndani hamna kitu ila mizani ya ufuta ya ushirika na popo darini. Akangoja aulizwe mara ya pili. Mbunge alitazama simu yake, akasema, “Safi sana,” akaondoka.

Ukumbini, kutoka juu walikokaa wageni, alimsikia Naibu Waziri akisoma kwamba zahanati hiyo imekamilika na inatoa huduma tangu Januari. Zuhura akashika ukingo wa kiti. Sasa atambana.

“Mheshimiwa Spika,” mbunge alisema, “naishukuru Serikali. Leo asubuhi nimezungumza na mama yangu wa kijiji hichohicho, naye amenithibitishia kuwa wanaendelea vizuri. Je, Serikali iko tayari sasa kukijengea na kijiji jirani?”

Zuhura aliinuka nusu. Askari wa Bunge aliyesimama mlangoni akamshushia kiganja: kaa. Mgeni hasemi mle. Spika akaita swali lililofuata.

Haikuishia hapo. Maswali yalipokwisha, wageni walitambulishwa, wakasimama, wabunge wakawapigia makofi. Na yeye, mtu mzima, alitabasamu akapunga mikono yote miwili. Hilo ndilo lililomla. Lile la asubuhi lilikuwa adabu. Hili la mikono lilikuwa nini?

“Ungemfuata baadaye,” mumewe Yahya alimwambia nyumbani jioni ya Alhamisi, baada ya kusikia yote.

“Nilimfuata. Akasema twende tukapige picha.”

“Ukapiga?”

“Nikapiga.”

Yahya alikohoa, akaangalia pembeni. “Basi mpigie simu.”

“Nikimpigia ataniambia amesikia, na hapa kijijini nani atajua nimesema? Mle yanayosemwa yanaandikwa, Yahya. Mimi ndiye shahidi wa Serikali kwamba Sada ana pa kuzalia.”

Hakula. Maji ya kuoga yalipoa uani.

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda kwa Warda akiwa na khanga yake ya zamani.

“Nimemfuata Sada. Na wewe vaa, twende Kilwa Masoko kwa katibu wa mbunge.”

“Mheshimiwa anataka walinzi?”

“Nataka unisikie kwa masikio yako. Nikisema uongo tena, nicheke hadi nife.”

Warda alimtazama usoni, akaacha utani. Akafunika unga wake, akachukua buibui.

Katibu, kijana aliyeitwa Ismael, aliwapokea kwa bashasha, akamvutia Zuhura kiti. “Shikamoo, Bi Zuhura! Dodoma mmependeza sana. Habari za nyumbani?”

“Marahaba,” Zuhura alisema. “Mbaya.”

Ismael alicheka, akidhani utani. Kisha akamwona Sada akijishusha kitini taratibu, mkono kiunoni, na Warda amesimama mlangoni bila kucheka.

“Mbaya,” Zuhura alirudia. Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mtu hivyo. “Zahanati imefungwa. Mwambie Mheshimiwa kwamba aliyesema nzuri ni mimi, aseme hayo yote mbele ya Spika, kwa jina langu. Halafu aulize upya.”

Ismael akavuta kalamu. Zuhura akamtajia jina lake polepole, la baba, na la babu.