Jiko la Nyanya Kwenye Skrini

Mwezi uliopita nilipewa kompyuta mpya kazini. Niliiwasha, nikaweka nywila, nikaanza kazi. Picha iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ile ya vilima vya buluu visivyo vya nchi yoyote, bado ipo hadi leo. Mwenzangu wa meza ya pili, mama mcheshi ambaye skrini yake imejaa wajukuu, alinichungulia akacheka. "Mwalimu, mbona kompyuta yako iko uchi hivyo? Hata picha ya mbuzi huna?" Nilimjibu kwamba naipenda hivyo. Hakuridhika, na simlaumu. Lakini wewe nitakueleza, kwa kuwa tumefika umri wa kuelezana mambo jinsi yalivyo: kuna wakati nilikuwa hodari wa kupamba skrini, nikaacha.

Nililelewa na nyanya yangu katika milima ya Taita, ambako asubuhi ukungu huingia jikoni kabla ya wenye nyumba. Jiko lake lilikuwa nyumba ndogo ya udongo, pembeni mwa ile kubwa. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, rafu ya mbao iliyopinda katikati kwa uzito wa sufuria, na masizi yaliyoning'inia darini kama nyuzi. Kazi yangu ilikuwa kuponda kimanga: muhogo, maharagwe na ndizi, vyote katika chungu kimoja, mwiko ukishikwa kwa mikono miwili hadi mabega yaume. Ukutani, karibu na mlango, ilitundikwa kalenda ya miaka mingi iliyopita. Nyanya hakuibadilisha kwa sababu aliipenda picha yake, ng'ombe mweupe aliyesimama majini. Nilipomwambia kwamba tarehe zile zimepitwa na wakati, alisema siku zitakuja tu, hata zisipohesabiwa.

Kompyuta niliiona mara ya kwanza shuleni. Ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwalimu wa hesabu alitutaka tuvue viatu kabla ya kuingia chumba chake. Aliyefanya vizuri katika jaribio aliruhusiwa kubadilisha rangi ya skrini kwa wiki nzima. Nilishinda mara nyingi, na kila mara nilichagua kijani kibichi, ile ya majani ya maharagwe baada ya mvua. Wenzangu walichoka nayo. Mimi sikuchoka. Kuingia asubuhi na kuikuta skrini bado kijani kulinipa hisia kwamba kuna mahali duniani palipokuwa pananisubiri.

Nikasoma hadi chuo kikuu, nikapata shahada ya hesabu, nyanya akafariki nikiwa mwaka wa tatu. Kazi haikupatikana. Miaka ile mawakala walikuwa wakiandikisha watu kwenda Saudia kwa mabasi mazima, nami nilikuwa na leseni ya udereva. Shahada niliiacha ndani ya bahasha yake, chini ya godoro la dada yangu.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nikiwapeleka watoto wa nyumba moja shule na kuwarudisha. Bosi alikuwa mtu mkimya. Watoto wake walipopata kompyuta mpya, aliniita barazani, akanionyesha ile ya zamani, sanduku kubwa lenye vumbi na skrini yake. "Yalla, chukua," akasema. Ilikuwa na mipangilio ya Kiarabu mwanzo hadi mwisho, na pembeni chini ilionyesha tarehe ya Kiislamu. Kafili, yaani bosi huyo aliyenidhamini, aliponihamishia Jeddah kwenye ghala lake, nilisafiri nayo nyuma ya lori, nimeifunga blanketi kama mgonjwa.

Huko tulikaa Al-Baghdadiyah, wanaume watatu katika chumba kimoja ghorofa ya pili. Mimi nilipeleka mizigo kwa gari dogo. Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala, Mluhya mwenye maneno mengi. Wa tatu alikuwa dereva wa lori kutoka Kibwezi. Hakuwa hata na miaka hamsini, lakini tulimwita Mzee kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika na ndiye aliyetupikia. Ijumaa alikwenda mtaa wa Ghulail kununua unga wa mahindi kwa mama mmoja aliyeuuza chumbani kwake, akatusongea ugali, akatukaangia samaki. Kiyoyozi kilinguruma kama kinu cha kusaga, na chumba kizima kilinuka kitunguu hadi jioni.

Ijumaa ndizo nilizozitumia kuitengeneza ile mashine. Niliondoa Kiarabu, nikatafuta kifurushi cha Kiswahili, nikaweka. Nikafuta kalenda ya mahali na kuweka yetu. Dada alinipigia picha jiko la nyanya, lililokuwa bado limesimama, nikalitandaza skrini nzima. Aikoni nilizipanga juu ya rafu ya pichani, moja moja, hata ukadhani faili zimekaa kati ya sufuria. Kapu la taka nililipa umbo la shimo la jivu. Mshale wa kipanya niliugeuza mwiko. Mlio wa kuwasha niliutoa, nikaweka sauti ya jogoo wa nyumbani, aliyerekodiwa na dada kwa simu.

"Profesa," mlinzi aliniambia siku ya kwanza jogoo alipowika, "hii jogoo yako itatuletea kesi. Jirani ataona tunafuga kuku kwa nyumba."

"Mwache awike," Mzee akasema kutoka jikoni. "Miaka minne sijaamshwa na kitu chenye roho."

Aliipenda ile skrini kuliko mimi. Alikuwa akivuta kiti, anakaa mbele yake na kikombe cha chai ya maziwa ya kopo, bila kugusa kitu. Mara nyingine aliuliza sufuria ile ya tatu ilikuwa ya nini. Nikamwambia ya maziwa. Akatikisa kichwa kana kwamba ndivyo alivyodhani.

Mzee alikuwa na jambo moja moyoni. Binti yake alikuwa akiolewa. Kwao, baba wa binti ndiye husimama mlangoni na kuitikia salamu ya kwanza ya wakwe, na asipokuwepo, mtu mwingine huitikia kwa niaba yake, na hilo halirudiwi. Siku hiyo ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa ajili yake, kafili alipomnyima likizo. Safari hii alikuwa ameahidiwa ruhusa ya kutoka na kurudi, ila ilitaka ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ifanywe upya kwanza. Na jambo la ikama lilikuwa na desturi yake. Ukimwendea karani wa ofisi mapema, alikufukuza: "Bado, rudi kazini." Kwa hiyo sote tulingoja wiki mbili za mwisho, ndipo tunakwenda kusimama mlangoni kwake.

"Profesa," Mzee akaniambia, "hebu niwekee hesabu hapo kwa mashine. Nisiwe nauliza uliza."

Nilifurahi kuombwa. Palepale pichani, karibu na mlango, ambapo kalenda ya ng'ombe mweupe ilikuwa imeacha alama ya mstatili ukutani, nikaweka vihesabio viwili vidogo vya siku, kwa maandishi ya rangi ya chokaa. Kimoja kiliandikwa Ikama, kingine Wakwe. Cha pili nilikipa tarehe ya harusi. Cha kwanza nilikikokotoa mwenyewe. Barua ya ofisi ya Kiingereza ilionyesha siku ikama ilipotolewa, na muda wake, miaka miwili. Miaka miwili ni siku mia saba na thelathini. Sikuona haja ya kusoma kadi yenyewe, ambayo tarakimu zake za Kiarabu zilinichukua muda. Nilikuwa na shahada ya hesabu.

Tangu hapo Mzee alisoma ukuta ule kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu. "Sitini na tatu," angesema, au "hamsini na nane", kisha anashuka ngazi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi aliponipigia simu. Alfajiri alikuwa amepewa safari ya ghafla ya kupeleka mzigo Riyadh, akaondoka kabla ya kusoma ukuta, na askari walikuwa wamemsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani nje ya mji. Nilisikia magari yakipita nyuma ya sauti yake.

"Profesa, hebu angalia mashine. Zimebaki ngapi?"

Niliiwasha. Jogoo akawika. Jiko likaja, rafu, sufuria, mlango. "Kumi na tisa, Mzee."

"Una hakika?"

"Kumi na tisa kamili."

Nikamsikia akimwambia mtu kwa Kiarabu chake cha ghalani: tisatashar, tisatashar. Mtu yule akacheka, si kwa ubaya, kama unavyocheka mtoto anapokosea njia. Sauti ya Mzee ikarudi. "Anasema mafi, hakuna. Anasema ikama halas, imepita siku tatu. Mwambie, profesa. Mwambie wewe, unajua hesabu." Kabla sijajibu, simu ilikatika.

Nilikwenda kwenye sanduku lake la chuma, nikatoa nakala ya kadi. Nilisoma zile tarakimu kidole juu ya kila moja. Kisha nikairudisha mashine katika kalenda niliyoifuta, nikalinganisha. Mwaka wa huko hufuata mwezi mwandamo. Ni mfupi kuliko wetu kwa siku kumi na moja hivi. Miaka miwili, siku ishirini na mbili. Ondoa kumi na tisa, zinabaki tatu. Askari alikuwa sahihi. Ile mashine pia, kule Al-Naseem, ilikuwa ikijua tarehe ya mahali ilipo. Niliinyamazisha ili ifanane na nyumbani.

Mlinzi aliporudi kutoka zamu nilimweleza yote. Alikaa kitandani na kofia yake mkononi. Kisha akatoa kadi yake mwenyewe, akanipa niisome. Zilikuwa zimebaki siku tisa, na kihesabio chake nilichomwekea baadaye kilisema thelathini na moja. Kesho yake alikwenda kwa karani, akasimama mlangoni hadi akasikilizwa. Ikama yake ilifanywa upya.

Ya Mzee haikuwezekana. Walimpeleka kwenye kituo cha kungojea kurudishwa makwao, alama za vidole zikachukuliwa, akawa mtu asiyeweza kurudi Saudia tena. Kafili alisema atashughulikia, labda alishughulikia. Kule ndani watu walingoja tiketi na saini, na saini zilikuwa na mwendo wao. Siku aliyokamatwa, kihesabio cha Wakwe kilionyesha arobaini na moja.

Hicho kilikuwa sahihi kabisa. Sikukiondoa, na sijui ni kwa nini. Tulikuwa tukiamka, jogoo anawika, tunasoma namba, tunakwenda kazini. Mlinzi aliacha mzaha. Nilipika mimi, vibaya, na hakuna aliyelalamika. Namba ikawa ishirini, ikawa tisa, ikawa moja. Siku iliposoma sifuri tulikula wali na kuku wa kununua, tukaosha vyombo. Ungeniuliza siku ile ninahisi nini, ningekwambia kwamba maji ya bomba yalikuwa ya moto.

Mzee aliwekwa ndegeni wiki moja baadaye. Alipofika kwao alinitumia picha ya ile siku, aliyopewa na watu wake. Mdogo wake amesimama mlangoni, amevaa koti la Mzee lililomzidi mabega, amenyoosha mkono kwa mgeni. Chini yake aliandika: Weka hii kwa mashine, mnikumbuke. Nikaweka. Jiko la nyanya likatoka, koti lile likakaa mbele yetu miezi kumi na mmoja.

"Umemwambia Mzee ile hesabu?" mlinzi aliniuliza mara moja tu.

"Bado."

"Basi hiyo tuiwache hapo."

Mkataba wangu ulipokwisha niliibeba ile mashine hadi Ghulail, kwa fundi wa simu mwenye duka dogo, mtu wa Chad. Aliifomati mbele yangu, akinisimulia habari za mpira. Haikuchukua muda. Ilipowaka tena, Kiswahili hakikuwepo, rafu haikuwepo, na jogoo hakuwika. Nilisimama nikisubiri uchungu uje. Haukuja, nikatoka kutafuta teksi. Sasa ninasikia mitaa mingi ya zamani ya Jeddah imebomolewa, na nyumba yetu haipo. Jiko lenyewe huku Taita liliangushwa na mvua, na dada yangu amejenga banda la mawe palepale. Picha zote zilikuwa kwenye ile mashine. Mimi mwenyewe, nikifumba macho, naiona rafu, lakini sijui tena kama naikumbuka ile ya udongoni au ile ya kwenye skrini.

Mzee yu hai. Analima matikiti, na ana wajukuu wawili kwa binti yule. Hunipigia simu mara chache kwa mwaka, tunaulizana hali, mvua, magoti. Kisha, siku zote, anafika kwa karani. Anaamini kwamba karani aliificha tarehe ili ampe nafasi mtu wake. Watoto wake wamechoka na hadithi hiyo. Mkewe humwambia aiache. Anasema amebaki na mtu mmoja tu duniani anayejua kwamba hakuwa mzembe, kwamba alikuwa akihesabu kila asubuhi.

"Wewe ni shahidi wangu, profesa," husema. "Zilikuwa zimebaki kumi na tisa."

Nami hujibu, "Zilikuwa kumi na tisa, Mzee."