Anayebeba Magodoro ya Waliopaliliwa

Saa nne asubuhi, Phalombe. Manyunyu ya chiperoni, mvua ya baridi ya huku, yamepumzika kidogo, na mlima Mulanje umejifunika mawingu hadi kiunoni. Kwenye njia ya udongo inayotoka barabara ya lami kwenda vijijini, mwanamke kijana anatembea na godoro kichwani. Limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira. Nyuma yake anafuata kijana mrefu mwenye begi la vitabu, macho chini kama anayetafuta sindano.

Kwenye mashine ya kusaga, wanawake wamepanga foleni na mabeseni ya mahindi.

"Dada, mume kakufukuza?" anauliza mmoja, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto.

"Hajanifukuza, mama. Sina."

"Na huyo wa nyuma je?"

"Huyo mdogo wangu."

"Basi umekosea, mwanangu. Kwetu huku anayeondoka na godoro ni mwanamume!"

Foleni nzima inaangua kicheko. Towera Msiska anacheka nao, shingo haitikisiki. Wamecheka mpaka wamesahau kuuliza godoro ni la nani, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka.

Godoro ni la kijana wa nyuma, Yankho Nanthambwe, mwenye umri wa miaka ishirini na moja. Mpaka juzi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Zomba. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwa miongoni mwa wale wanaotakiwa kufungasha. Wanafunzi wa hapa wana neno lao kwa jambo hili. Husema mtu "amepaliliwa", kama magugu.

"Mwanafunzi anayerudi na godoro katikati ya mwaka hana haja ya kusema kitu, godoro linamsemea," anasema Towera. "Sasa likiwa kichwani kwangu, watu wananicheka mimi. Mimi nimezoea."

Pale barabarani mwendesha baiskeli alitaka kulichukua kwa bei ya kirafiki. Towera alikataa katakata. Godoro likitangulia kwa baiskeli, alisema, habari inafika nyumbani kabla ya mtu.

Yankho hakukusudia kuja huku. Alikuwa na mpango wa kuliuza godoro sokoni Zomba, kisha kudandia lori na rafiki yake hadi Joni, yaani Afrika Kusini, wanakokwenda vijana wengi wa huku wasiotaka kuulizwa maswali. Wengine hurudi na redio kubwa. Wengine hawarudi, na mama zao huzeeka wakiangalia njia.

"Mjomba ndiye aliyenisomesha," anasema Yankho, kwa sauti ya chini. "Siku naondoka aliniambia mbele ya ukoo mzima: usirudi bila karatasi. Sasa narudi na nini? Mkono mtupu haulambwi."

Towera hakubishana naye. Alimwomba kitu kimoja tu: "Twende kwanza kwa mjomba. Akikufukuza, nitakusindikiza mimi mwenyewe hadi kwenye lori."

Kwa hiyo asubuhi hii kila kitu kiko mdomoni mwa mzee mmoja. Akilirudia neno lake, jioni Yankho atakuwa njiani kwenda Joni.

Towera ana miaka ishirini na minane. Alizaliwa Rumphi, kaskazini, kwa fundi wa milango ambaye pia ni mzee wa kanisa. Alisomea ualimu Zomba, akawa kiongozi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, na alipomaliza akapelekwa kuhudumu miaka miwili kwa wanafunzi wa Dundee, Uskochi. Waskochi ndio walioleta Injili Rumphi enzi za mababu. Safari hii ilikuwa zamu ya Rumphi kurudisha salamu.

"Walidhani nimekwenda kuimba," anasema, akicheka. "Kila Jumapili, Towera, tuimbie cha kwenu. Na sauti yangu mimi ni ya kuitia kuku!"

Kazi yake hasa ilikuwa kupika supu kila Jumatano katika chumba cha chini cha kanisa, na kugonga milango ya mabweni akiwaalika wanafunzi. Wengi walikuja kwa sababu ya supu. Mmoja wao alikuwa Fergus, kijana mkimya aliyekula bakuli mbili kisha akaosha masufuria yote bila kuombwa. Jumatano moja hakuonekana. Kesho yake Towera akaenda kumgongea na kibakuli mkononi. Chumba kilikuwa kitupu, kimeshafagiliwa.

"Jirani yake akaniambia ameacha chuo, ameondoka tangu Jumanne. Nikamuuliza, nani alimsindikiza? Akaniangalia. Akasema, 'Alipanda treni.'"

Towera alikaa kwenye ngazi, akalia mpaka supu ikapoa. "Kwetu hata mtu aliyekuja kuomba chumvi unamsindikiza mpaka kwenye kona. Nikasema moyoni, hawa watu wana kila kitu, ila hawana wa kumfikisha mtu kwenye kona. Niliwahukumu kweli kweli."

Akarudi nyumbani na hukumu yake begani, kuwahudumia wanafunzi wa Zomba. Haukupita muda matokeo yakatoka. Jumapili iliyofuata ushirika ulifanya ibada ya shukrani. Waliofaulu walicheza mpaka vumbi likatimka. Towera akaangalia kwaya, akakosa sauti moja, ya msichana aitwaye Tiyamike.

"Nikauliza yuko wapi. Wakaniambia amepaliliwa, ameondoka. Nikauliza, nani alimsindikiza?" Anatikisa kichwa. "Kimya. Afadhali yule jirani wa Dundee. Yeye alijua angalau alichopanda."

Ndivyo ilivyoanza kazi ambayo hakuitwa kuifanya na mtu yeyote. Tiyamike alikuwa amejificha kwa rafiki yake huko Limbe, akiogopa kwenda kwao Chiradzulu. Towera alimfuata, akajitwika godoro lake, wakaenda. Huko akafanya kosa ambalo ni mtu wa kaskazini tu anayeweza kulifanya kwa moyo mweupe namna ile.

"Mimi ni Mtumbuka," anasema. "Kwetu mtoto ni wa baba. Nikampigia magoti baba mtu, nikaeleza yote, tukaomba, mzee akatoa machozi. Nikaondoka naimba!"

Alikuwa amempelekea habari mtu asiye na haki nayo. Sehemu kubwa ya kusini mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Baba ni mkamwini, mwanamume aliyekuja kuoa na kujenga kwa wakwe. Mjomba wa Tiyamike alizisikia habari za mpwa wake sokoni, kwenye vibanda vya mandasi, yaani maandazi. Alifika pale nyumbani akifoka: tangu lini mkamwini akaambiwa kwanza? Baba wa watu akaambiwa aanze kukusanya vyombo vyake. Kuhusu msichana kusoma tena, hakuna aliyetaka hata kusikia.

"Nilikwenda kufunga jeraha moja, nikaacha mawili," anasema Towera.

Ilibidi arudi na mama mmoja wa kanisa la pale pale, awe mdomo wake. Walikaa kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka jua likageuka, ndipo mjomba akakubali kuipokea salamu. Baadaye mama yake Tiyamike alimvuta Towera pembeni akamfundisha, bila hasira: "Mwanangu, huku baba ni mgeni tunayempenda sana."

Leo Tiyamike anasomea ukunga. Baba yake bado yupo kwa wakwe, na kila akimwona Towera humwita "yule binti aliyetaka kunirudisha kwetu".

Tangu siku hiyo Towera hamuulizi mwanafunzi amefeli nini. Humuuliza, "Kwenu anayeambiwa kwanza ni nani?"

Si wote wanaomwelewa. Kiongozi mmoja wa ushirika aliwahi kumwambia waziwazi, "Dada Towera, huduma gani hii ya kubeba magodoro? Tunataka mikutano, tunataka vipaza sauti." Mama yake, kule Rumphi, anamwombea mume na shule ya kufundisha, kwa mpangilio huo. Mwezi mzuri, michango ya marafiki wa Dundee na wa nyumbani humfikishia kwacha laki mbili. Mwezi mbaya humfikishia unga.

"Bwana mwenyewe alipowakuta watu wanarudi kwao vichwa chini," anamjibu kila anayemuuliza, "hakuwaitia mkutano. Alianza kwa kutembea nao."

Mwandishi huyu ameona wahubiri wengi wenye vipaza sauti, na hana ugomvi nao. Lakini kwenye njia hii ya Phalombe, angependa kusindikizwa na huyu wa godoro.

Nyumbani kwao Yankho, mjomba, bwana Muhiye, ameketi barazani akipukuchua mbaazi. Ni mtu wa maneno machache, na machache yenyewe ni mazito. Mama yake Yankho anatokea jikoni, anaona godoro, anaelewa. Anarudi ndani, na muda si mrefu moshi unaongezeka. Baba mtu amekaa upande wa pili wa kiwanja akisuka mkeka, masikio yote huku.

Habari mbaya haitangulii chakula. Wanasalimiana, wanaulizana mvua, wanakula nsima, ugali wa huku, na mbaazi. Yankho anafinyanga tonge moja mpaka linapoa. Mwishowe mjomba ananawa mikono.

"Haya. Godoro hilo lina mdomo, lakini nataka kusikia la mtu."

Towera anapiga magoti. "Mjomba, nimewaletea mtoto wenu. Masomo ya mwaka huu yamemshinda. Hakuiba, hakupigana, hakumpa mtu mimba."

"Kwa hiyo alifanya nini?"

"Alishindwa hesabu, mjomba."

"Hesabu." Mzee anamgeukia mpwa wake. "Nilikwambia nini wewe, siku ile?"

"Nisirudi bila karatasi."

"Na umerudi."

"Nimerudi, mjomba."

Jikoni mwiko umeacha kugonga sufuria. Wapenda methali wangesema hapa kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Towera hasemi. Anatazama chini, midomo inachezacheza, na ni wazi anayezungumza naye si mjomba.

"Wewe binti, ni ndugu yake?" anauliza mzee.

"Hapana, mjomba."

"Mchumba?"

"Hapana!"

"Chuo kimekutuma?"

"Hapana. Tunasali pamoja."

"Na hilo godoro umelibeba kichwani tangu wapi?"

"Tangu lami."

Mzee analitazama godoro, kisha shingo ya Towera, kisha kijana.

"Nilijua mtu akipaliliwa hutupwa pembeni mwa shamba," anasema hatimaye. "Huyu hakutupwa. Kaletwa. Kaletwa na mtu asiye hata wa ukoo, halafu mimi mwenye ukoo nimtupe?" Anapaza sauti. "Mama Yankho! Huyu atalala wapi? Toa mahindi kwenye chumba kile!"

Mama Yankho hangoji kuambiwa mara mbili. Anatoka jikoni mbio, analikumbatia godoro na kuingia nalo ndani, kabla mzee hajageuza kauli. Ng'ambo ya kiwanja, mkono wa baba mtu unaanza tena kusuka.

"Na wewe usidhani nimefurahi," mjomba anamwambia Yankho. "Kesho utanieleza hizo hesabu zilizokushinda, moja baada ya nyingine."

"Mjomba, ni nyingi."

"Hatuna haraka."

Yankho anafunika uso kwa viganja. Analia, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Alasiri, Towera anapoaga, mjomba anachukua kofia yake, na Yankho anasimama. Mgeni haendi peke yake. Wanatoka watatu na mwandishi wao hadi barabarani, wakipita tena kwenye mashine ya kusaga.

"Dada, godoro umeliacha wapi?" anauliza yule yule wa asubuhi.

"Kwa mjomba."

"Eeh! Naye kakupa mume?"

"Kanipa mbaazi!"

Wakingojea basi, Towera anazungumzia mipango yake. Michango ya Dundee itakoma mwisho wa mwaka, lakini yeye hatakoma. Anataka kila ushirika wa wanafunzi uwe na wasindikizaji wake, ili matokeo yakitoka asiondoke mtu peke yake. Na kuna jambo jingine, analolisema akitazama pembeni. Akipata nauli, anataka kurudi Uskochi mara moja tu, akatafute nyumbani kwao Fergus.

"Nibishe hodi tu, niulize kama alifika salama. Sijui hata kama nianze kwa baba au kwa mjomba."

Simu inaita. Ni msichana mwingine aliyepaliliwa, wa Nsanje, anataka kuondoka Alhamisi. "Usipande basi bila mimi," Towera anamwambia. "Kwenu anayeambiwa kwanza ni nani?" Anasikiliza. "Baba. Sawa."

Yankho amesikia yote. Anakohoa kidogo.

"Dada, Alhamisi godoro la huyo nitabeba mimi."

Towera anageuka. Anamtazama mjomba, kwa sababu sasa anajua wa kutazamwa ni nani. Mzee naye anaitazama barabara, ile ile ambayo malori ya Joni hupita.

"Nenda ukambebee mwenzako," anasema. "Lakini lako linabaki kwangu."