Alibatizwa kabla hajazaliwa

Jumanne nilikaa kwenye benchi la ofisi ya wakili hapa Arusha, nikisubiri mhuri. Mbele yangu walikuwa mama mmoja wa Sekei na binti yake muuguzi, aliyepata kazi Ujerumani. Walitaka karatasi zikaguliwe kabla ya kuomba viza.

Wakili alisoma cheti cha kuzaliwa, akaridhika. Mama, ili kuongeza nguvu, akatoa mkobani kadi ya ubatizo iliyofungwa kwenye nailoni.

Wakili akazilaza karatasi mbili pamoja, akavua miwani. "Mama, huyu alibatizwa mwaka mmoja kabla hajazaliwa."

Mama akashika ukingo wa meza. "Aliugua, akachelewa shule. Wakati wa kumtafutia cheti nikampunguzia miaka miwili, wampokee. Kanisani nilikuwa nimesema kweli." Akanyoosha mkono. "Basi hiyo kadi nairudisha."

"Nimeshaiona, mama."

"Kwa hiyo siendi?" binti akauliza. "Mkataba unaanza Septemba!"

"Ukienda kimya, siku wakigundua, mwongo ni wewe, siyo mama. Turekebishe cheti kwanza. Kama Septemba itatusubiri, sijui. Mama ataapa leo."

Sisi tunaotunza karatasi za familia huzifunga nailoni zisilowe, halafu hatuzisomi. Jioni ile nilizifungua za kwetu zote.

Mama aliapa kwa sauti ndogo, akataja tarehe ya kweli ya kuzaliwa kwa binti, akaongeza kwamba ilikuwa alfajiri. Binti akamwomba airudie, kisha akaiandika kiganjani. Alikuwa hajawahi kuisikia.