Mlango kwa Mlango

Julai 1909 Anyisile, fundi wa nyumba za mianzi, alihamia mtaa mpya wa ufukweni karibu na bandari ya Mwaya, akawa mtu wa kwanza kulala humo na wa kwanza kuusifia. Zamani palikuwa matete matupu, na nafasi ndogo ambapo wanawake wa Kikisi waliteremsha vyungu vyao kutoka Matema. Kisha boma la Wajerumani likaamuru matete yafyekwe, nyumba zipangwe safu mbili, na milango yote itazame barabara. Nyingi alizijenga Anyisile mwenyewe. Akimpata mgeni, humtembeza: ziwa lile pale, soko hili hapa, upepo wa bure, na barabara nyeupe isiyo na kichaka hata kimoja.

Alimsifia mtaa hata baba yake, Mzee Angetile wa Ngonga, mpaka mzee akahama na ng'ombe wake, akachukua nyumba ya mbele, mlango kwa mlango. Anyisile alifurahi mchana kutwa. Jioni ndipo alipokumbuka kwamba ana mke.

Kwa Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke hujificha kichakani. Neli, mkewe, alikuwa amebatizwa misheni, lakini hilo hakuliacha, na vichaka mumewe alikwisha kuvifyeka kwa mkono wake. Mzee naye alipenda kukaa mlangoni akisuka vikapu.

"Maji nichoteje?" Neli aliuliza.

"Ngoja aingie ndani."

"Anaingia kulala tu."

Siku moja Anyisile alirudi kutoka kazini akakuta ukuta wa nyuma, ule aliojivunia kwa wageni, umetobolewa tundu la kupita mtungi na mwenye mtungi. Jirani yake Lameck, mvuvi, alikuwa amesimama akilishangaa.

"Fundi, mlango huu ni wa mtindo gani? Wa Kijerumani?"

"Wa kijinga," alisema Anyisile. "Nimepima kila mwanzi, nikamsahau ninayelala naye."

Lameck alicheka mpaka akakaa chini. Neli hakucheka.

"Baba Enoki, nimechoka kutoka kama panya. Ama nyumba nyingine, ama narudi kwa mama yangu."

Anyisile akavuka barabara kumwomba baba yake ahamie mwisho wa safu.

"Nihame?" Mzee hakuacha kusuka. "Niuache upepo huu, mwanangu? Ziwa hili, soko hili? Uliniambia pazuri, na kweli pazuri. Ndaga fijo, asante sana."

Maisha yake yote Anyisile hakuwahi kumshawishi mtu kwa jambo lolote. Mara hii alikuwa amefaulu kupita kiasi.

Alirudi akamwambia Neli asifunge mizigo ya kwenda kwa mama yake. Jumatatu anakwenda Ikolo kukata mianzi. Watajenga huko, ndani ya migomba, wawili na mtoto wao Enoki.