Madirisha ya Saa Mbili Asubuhi

Kwa miaka thelathini na tisa Noémie Castagné alishona glavu za ngozi katika kiwanda cha mji wa Montpeyrol, Ufaransa. Kiwanda kilipofungwa alibaki na mume mgonjwa, kisha akabaki bila mume. Watoto hakujaliwa. Mtu wake aliyesalia duniani alikuwa Zélie Fabrègues, mjane wa nyumba ya mbele.

Mtaa wao ni mwembamba, jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kunyanyuka kitini. Kila siku saa mbili asubuhi wanawake hao wawili walisukuma milango ya mbao ya madirisha yao na kuonana. Mtaani kila mtu alijua kwamba dirisha likibaki limefungwa hadi saa tatu, mtu aende akagonge.

"Leo umechelewa, shoga," Zélie alimwambia siku moja. "Nilishaanza kukuchagulia maua ya kaburi."

"Maua gani?"

"Ya plastiki. Hustahili gharama ya kila mwaka."

Mwezi Machi dirisha la Zélie halikufunguka, na Noémie ndiye aliyekwenda kugonga. Alimkuta amelala, baridi. Baada ya mazishi wanawe wakaitangaza nyumba kwamba inauzwa.

Hapo Noémie akaanza kukosa usingizi. Nyumba za mtaa ule ni kumi na moja, na tisa zilikwisha kununuliwa na watu wa likizo. Zimepakwa rangi zikapendeza kama bibi harusi, lakini tangu Septemba hadi Juni hamna hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mimi nyumba za namna hiyo hunitia hasira, nisiwafiche. Noémie hakuwa na hasira. Alitaka tu mtu wa kuliona dirisha lake.

Wakaja Loïc na Clémence Hardouin kutoka Paris. Walikuwa watu wema, sitawasingizia. Waliinunua nyumba ya Zélie na majira yote ya joto wakaikarabati kwa mikono yao. Walibandua lipu ya chokaa ili mawe yaonekane, na Noémie akawacheka.

"Wazee wetu waliyafunika kwa sababu ya baridi, wanangu. Hawakuwa wajinga."

"Sisi hatutakuwepo wakati wa baridi," alijibu Loïc huku akipangusa vumbi usoni.

Noémie aliyasikia maneno hayo, ila hakutaka kuyaelewa. Aliwapelekea supu, akawachagulia rangi ya madirisha, na Clémence akawa anambusu mashavuni kila asubuhi.

"Lakini mtakuja kukaa?" aliuliza siku walipofunga mizigo.

"Kila tukipata nafasi, Bi Noémie."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, alisukuma dirisha lake. Ng'ambo, madirisha mapya yalikuwa yanafunguka, yote kwa pamoja, taratibu. Machozi yalimlengalenga. Alioka keki ya plamu, akavuka mtaa, akagonga mpaka mkono ukamuuma. Mwishowe alirudi ndani akapiga simu Paris.

"Ni mota, Bi Noémie," Clémence alimweleza. "Inafungua saa mbili, inafunga jioni, ili wezi wadhani kuna watu."

"Hata mimi nilidhani."

Clémence akaomba radhi. Keki ile Noémie aliila peke yake siku nne.

Hata hivyo hakuacha kufungua saa mbili. Mireille, mwanamke wa posta, alimkuta akiyapungia mkono madirisha matupu.

"Siku hizi unasalimia mashine?"

"Ina adabu kukushinda. Haichelewi."

Jumanne moja ya Januari, kabla hakujapambazuka vizuri, Noémie aliteleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga. Alilala sakafuni jikoni, na madirisha yake yakabaki yamefungwa. Hakuna aliyekuja kugonga, maana hapakuwa na mtu wa kuyaona. Alhamisi mchana Mireille alifika na barua, akasikia mlio mdogo nyuma ya mlango.

Clémence alipopata habari aliendesha gari kutoka Paris mpaka hospitali alikolazwa Noémie. Alikaa pembeni ya kitanda akaushika mkono ule wa vidole vilivyopinda kwa sindano.

"Uliita?" aliuliza.

"Niliita. Nilikuwa nasikia madirisha yenu yakifunguka," alisema Noémie. "Nilijua si ninyi. Lakini kila yakifunguka, niliita."

Clémence alilia waziwazi, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.

Noémie alifariki Jumapili. Clémence alikwenda Montpeyrol kuchomoa waya wa mota, kisha akasimama mtaani katika baridi kali, akitafuta mlango wa kugonga awaambie majirani kwamba Bi Noémie amefariki. Alianza wa kwanza, akafika wa mwisho; hakuna uliofunguliwa.